Ngoma Iliyokuwa na Daftari

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunadhani tunalijua, nalo ni muziki wa zamani wa mji wa Dar es Salaam. Nasema tunadhani tunalijua kwa sababu kila unapotajwa muziki wa zamani, mawazo yetu hukimbilia kwenye zile nyimbo tunazoziita zilipendwa, zilizorekodiwa redioni katika miaka ya 1960 na 1970, ambazo watangazaji kama mimi huzipiga kila mwisho wa juma. Lakini mji huu uliimba na kucheza miaka mingi kabla ya redio kuwapo. Uliimba chini ya Mjerumani, ukaimba chini ya Mwingereza. Na katika enzi hizo muziki wake ulikuwa na kitu ambacho leo hauna, nacho ni daftari la wanachama.

Daftari ninalolisema ni daftari hasa, lenye majina ya watu, ada waliyolipa na deni wanalodaiwa. Na pale ambapo hakukuwa na mtu wa kuandika, daftari hilo lilikaa kichwani mwa mama au mzee mmoja ambaye hakusahau senti ya mtu. Jambo nitakalojaribu kulieleza leo ni hili: katika mji wa mkoloni, mtu hakununua muziki, alijiunga nao. Na kule kujiunga kulizaa mambo makubwa kuliko kucheza.

Tuanze na mji wenyewe. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao. Mwezi Septemba mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia. Mahali walipowaweka wapagazi wa jeshi lao, yaani Carrier Corps, watu wakapaita Kariakoo, na jina hilo lipo mpaka leo. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliendeleza mpango ulioanzishwa na Wajerumani wa kuugawa mji katika kanda tatu. Upande wa bahari, penye miti na upepo, palikuwa Uzunguni. Katikati, penye maduka na majumba ya mawe, palikuwa Uhindini. Upande wa pili, penye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti au debe, palikuwa kwa Waafrika, Kariakoo na Ilala. Baina ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu wa huku wasichanganyike na wa kule.

Kanda hizo zilizuia nyumba lakini hazikuweza kuzuia sauti. Alfajiri iliamshwa na adhana ya misikiti na kengele za makanisa. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake kwa mdundo ambao hata mtoto aliujua. Bandarini wachukuzi waliimba wakati wa kuinua mzigo, kwa sababu mzigo mzito usipoimbiwa kila mtu huvuta kwa wakati wake. Jioni, katika ua wa nyumba ya Kizaramo ambako mwali anatolewa, ilianza mdundiko, ile ngoma isiyokaa mahali pamoja, inayotembea mtaa hadi mtaa huku watu wakiifuata. Usiku wa Alhamisi palisikika zikri, na katika mwezi wa mfungo sita yalisikika maulidi. Huo ulikuwa mji wa watu wengi kutoka sehemu nyingi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilipata wakazi karibu 69,000, na ile ya mwaka 1957 ilipata karibu 129,000. Kwa maneno mengine, katika miaka tisa tu mji ulikaribia kuongezeka maradufu, na wengi wa walioongezeka walikuwa wageni kutoka bara.

Serikali ya kikoloni ilisikia sauti hizo na haikufurahi nazo zote. Chini ya kanuni za miji, ngoma ilihitaji kibali. Mwenye shughuli alikwenda kwa mkubwa anayehusika, akaeleza ni ngoma gani, itapigwa wapi na itakwisha saa ngapi. Akipewa karatasi anapiga, akinyimwa hapigi, na akipiga bila karatasi anajibu mahakamani. Sisemi kwamba kanuni hiyo ilikuwa na ubaya mtupu. Hata leo mtu mwenye mgonjwa ndani hapendi spika za jirani mpaka alfajiri. Lakini tuangalie jinsi kanuni hiyo ilivyowalazimisha watu kuwa na utaratibu. Kibali hakitolewi kwa kundi la watu wasiojulikana. Lazima awepo kiongozi mwenye jina na mahali pa kumpata. Ngoma ya mjini, kwa sababu hiyo na nyingine nitakazozitaja, ikajifunza kuwa na uongozi.

Nyingine kubwa ilikuwa beni. Vijana wa leo huenda hawajapata kulisikia neno hili, ingawa watu wa Songea, Nyasa na Malawi wanamjua mwanawe, yaani mganda na malipenga. Beni ni neno lililotokana na bendi ya Kiingereza, bendi ya askari. Ngoma hii ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Vijana wa Kiswahili walitazama gwaride la jeshi na la manowari, wakachukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare, cheo na amri, wakavitia ndani ya ushindani wa mitaa ambao pwani ilikuwa nao tangu zamani. Mombasa walikuwapo Kingi, na walikuwapo Scotchi waliovaa kama askari wa Scotland. Kwetu Tanganyika yalienea makundi mawili yaliyopingana, Marini na Arinoti. Kwa kawaida Marini ilihesabiwa kuwa ya makarani, askari wenye cheo na waungwana wa mjini, na Arinoti ikahesabiwa ya vibarua na watu wa bara, ingawa mambo yalitofautiana mji kwa mji.

Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 haikuiua beni, bali iliieneza. Askari wa pande zote mbili waliicheza. Wapagazi waliichukua katika njia ndefu walizotembea. Vita ilipokwisha, mtu wa Marini aliyefika mji mgeni aliuliza wako wapi Marini wa hapa, akapokewa. Tafakari jambo hilo, msikilizaji. Katika nchi ambayo serikali iliwatambua watu kwa kabila na kwa chifu wao, hapa pana chama ambacho Mnyamwezi, Mzaramo, Myao na Mmanyema wanakutana chini ya jina moja, na chenye matawi tangu pwani mpaka Ziwa Tanganyika. Haishangazi kwamba mara baada ya vita maofisa wa ujasusi wa Kiingereza waliandika taarifa juu ya Marini na Arinoti, wakihofu kwamba nyuma ya tarumbeta hizo kuna siri ya siasa.

Wapo Wazungu walioitazama beni wakacheka. Waliona watu waliojiita Kingi, Jenerali, Daktari na Bwana Shauri, wamevaa suti za kuazima na kofia za karatasi, wakasema hao ni nyani wanaoiga. Hata baadhi ya wasomi wetu wa baadaye waliona hivyo hivyo. Mimi sikubaliani nao. Yule aliyeitwa Daktari katika beni alikuwa na kazi ya kwenda kuangalia mwanachama mgonjwa. Yule aliyeitwa Bwana Shauri alikuwa na kazi ya kusikiliza magomvi ya wanachama kabla hayajafika kwa Bwana Shauri wa kweli. Mkoloni alileta ofisi, cheo, saini na hazina, lakini milango ya vyumba hivyo alimfungia Mwafrika, isipokuwa kama ni tarishi au karani mdogo. Katika beni watu wetu walizifungua ofisi zao wenyewe, wakakalia viti vyake, wakajua jinsi vinavyokaliwa.

Na kwa nini mtu alijiunga? Hapa ndipo muziki ulipogusana na maisha ya kila siku. Kijana ametoka Tabora au Mahenge, amepanda treni au ametembea, amefika Kariakoo. Amepanga chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba sita na ukumbi katikati. Hana shangazi wala babu. Akiugua homa, nani atampikia uji? Akifa, nani atamwosha, nani atanunua sanda, nani atamzika kwa heshima ili asitupwe kama kuni? Kijijini maswali hayo yalijibiwa na ukoo. Mjini yalijibiwa na chama, na chama kilichompata mgeni upesi kuliko vyote ni kile alichokisikia kwa masikio yake Jumapili mchana kikipita barabarani na tarumbeta. Ada aliyotoa kwa ajili ya sare na ngoma ndiyo hiyo hiyo iliyomnunulia mwenzake sanda. Sanduku lilikuwa moja.

Tusipambe mambo, lakini. Ushindani wa ngoma ulikuwa na hasara zake. Kundi hili likifanya karamu ya mbuzi wawili, lile lililobaki lilitaka kufanya ya ng'ombe. Wapo waliokopa, wapo walioweka rehani vitu vya ndani ili wasiaibike mbele ya wapinzani. Nyimbo za mafumbo na matusi ziliamsha ugomvi, na mara nyingine fimbo ziliongea. Wazee wa dini walilalamika, na wengine walikuwa na sababu. Lakini hata katika ugomvi huo palikuwa na utaratibu. Mtu alijua mpinzani wake ni nani na ushindi unapimwaje.

Sasa tuje kwa kina mama, ambao vitabu vya historia vimewasahau kuliko wengine wote. Wanawake wa miji ya pwani walikuwa na ngoma zao, na mashuhuri kuliko zote ni lelemama. Ilichezwa kwa madaha, kwa safu, kwa sare ya kanga au gauni la namna moja, na waimbaji wakijibizana mafumbo. Nayo ilikuwa na uongozi wake: mwenyekiti wao, mwimbaji wao mkuu, mtunza fedha wao. Mwanamke ambaye serikali haikumuuliza neno, ambaye mumewe huenda hakumuuliza neno, ndani ya kundi lake aliulizwa, akapiga kura kwa maneno yake, akatozwa faini, akasamehewa. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika na unga, kuni na mchango. Mwanachama akioza binti, walifika na vyombo na sauti zao. Kununua kanga za sare kwa watu 50 ni shughuli inayotaka hesabu, mapatano na Mhindi mwenye duka, na uaminifu mkubwa. Mama aliyeiweza shughuli hiyo aliweza mambo mengi.

Pamoja na lelemama palikuwa na taarabu. Unguja ndiyo iliyotupa nyota wa kwanza, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, akauza vyungu, akaingia mjini, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa, na sauti yake ya Kiswahili ilivuka bahari kuja Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na mbali zaidi. Watu wachache sana waliweza kununua gramafoni. Lakini mwenye mkahawa alinunua moja, akaiweka mezani, na mtu mwenye senti za kikombe cha kahawa aliketi akasikiliza jioni nzima. Nyimbo nyingine za Siti zilieleza visa vya kweli, hukumu za mahakama zilizowaonea wanyonge na maudhi ya wakubwa. Mkahawani wimbo ukiisha watu waliujadili, kama leo wanavyojadili habari za gazeti hili ulilolishika mkononi. Na hapa kwetu zikawapo klabu za taarabu zenye jina, Al-Watan na Egyptian, nazo pia zikiwa ni vyama, zenye wanachama wanaume na wanawake, na zenye upinzani ambao uligawa hata nyumba moja, mke huku, dada wa mume kule.

Katika miaka ya 1930 lilikuja jambo jipya, nalo ni dansi. Dar es Salaam Jazz Band inahesabiwa kuanzishwa mwaka 1932, na miji mingine ikafuata, kama Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno jazz lisikuchanganye, maana muziki wenyewe haukuwa ule wa Wamarekani weusi. Lilikuwa neno la kuonyesha kwamba hii ni bendi ya kisasa, yenye banjo, gitaa, fidla, tarumbeta na saksafoni. Wacheza dansi walikuwa vijana waliosoma, makarani, walimu na wauguzi. Mwanamume alivaa suti na tai. Mwanamke alivaa gauni na viatu, akashikwa mkono hadharani na mwanamume asiye nduguye, jambo ambalo wazee walilitazama wakageuza shingo. Walicheza walsi na fokstroti. Kisha zikaingia santuri zilizoandikwa herufi GV na namba, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zenye rumba ya Cuba. Rumba hiyo ilikuwa ndugu yetu aliyepotea, kwa kuwa midundo yake ilikwenda Cuba pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Ilipofika hapa haikuhitaji mtu wa kuitafsiri. Baada ya mwaka 1945 askari waliorudi kutoka Burma walileta ujuzi mwingine wa vyombo, na mapema katika miaka ya 1950 mji ukapata ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, ambao kinywa cha wenyeji kiliuita Anatoglo, na dansi ikapata mahali pake.

Dansi ilileta ubaguzi wake, na ni vizuri tuuseme. Mtu asiye na viatu alikaa nje dirishani. Karani aliyecheza fokstroti alimdharau kuli aliyecheza ngoma, na kuli alimwona karani ni kibaraka. Lakini ukiingia ndani ya bendi yenyewe, unalikuta lile daftari la beni likiwa mezani. Bendi ilikuwa klabu. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, vilivyonunuliwa kwa ada na viingilio. Mpiga gitaa alishinda kazini, bandarini, relini au ofisini, na usiku alipiga kama mwanachama. Walikuwapo mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katika miaka hiyo hiyo vijana wa mji walikuwa wanaanzisha na klabu za mpira, Yanga ikiwa ya mwaka 1935, na ukitazama mwenendo wake utaona ni mtindo ule ule: ada, sare, uongozi, mpinzani mmoja wa kudumu. Na mwaka 1929 makarani na walimu walikuwa wamekwisha kuanzisha African Association, ambayo ilijenga jumba lake New Street, barabara tuiitayo leo Lumumba.

Mwaka 1951 ikaanza redio yetu, Sauti ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1956 iligeuzwa kuwa shirika, yaani Tanganyika Broadcasting Corporation. Mimi ni mtu wa redio, nala mkate wake, kwa hiyo mnisamehe nikisema kwamba redio ilileta neema kubwa. Mtu wa Lindi akausikia wimbo wa Tanga. Lakini redio pia ilikuwa chombo cha kwanza kumpa mtu muziki bila kumwuliza jina lake. Hukulazimika kuwa mwanachama, hukulazimika kumzika mtu. Ulilazimika tu kuwa na redio, au jirani mwenye redio. Mabadiliko hayo hayakuonekana mara moja, kwa sababu ngoma zilikuwa bado na nguvu zake.

Nguvu hizo zilionekana mwaka 1955. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jumba lile la New Street. Chama kilikuwa na wasomi na kilikuwa na wazee wa mji, lakini wanachama walikuwa wachache na wanawake walikuwa karibu hawapo. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza sehemu ya wanawake iko wapi. Viongozi walimtafuta mwanamke wa kuiongoza, wakampata Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, wakati huo hajafika miaka 30. Hakuwa mwalimu wala karani. Sifa yake kubwa mjini ilikuwa kwamba ni mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba.

Bibi Titi alifanya jambo ambalo msomi yeyote aliyetoka Makerere pengine asingelifikiria. Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akimwomba kila mwanamke peke yake. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma za wanawake, akazungumza nao, nao wakazungumza na watu wao. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 waliingia TANU. Hesabu hiyo ni kubwa ukikumbuka kwamba mji wote ulikuwa na watu laki moja na kidogo. Hawakuja kama kundi la watu waliokusanywa na kelele. Walikuja wakiwa wamekwisha kujua maana ya kadi, ada, sare, kiongozi, siri ya mkutano na nidhamu ya kutoa mchango. Walioijenga nguvu ya TANU mitaani ni watu ambao kwa nusu karne walijifunza kazi ya chama katika uwanja wa ngoma, wakati mkoloni akiwatazama na kudhani wanacheza tu. Walicheza kweli, na huku wakicheza walijifunza.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, kikanunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara. Mashirika mengine, jeshi na polisi wakafuata mtindo huo. Siwezi kulilaumu jambo hilo. Mpiga gitaa aliyeshinda bandarini na kukesha jukwaani alistahili kupata mshahara na pensheni kama mtu mwingine, na muziki mtamu tunaojivunia wa miaka ya 1960 na 1970 ulipigwa na watu waliopata nafasi ya kufanya mazoezi mchana. Lakini kila neema ina gharama yake. Bendi ikishakuwa ya mwajiri, yule aliyekuwa mwanachama wa klabu anageuka kuwa mteja. Analipa mlangoni, anacheza, anakwenda zake. Akifa kesho, bendi haina habari.

Leo tumefika mbali zaidi katika njia hiyo. Shughuli ya mtaani inakodi spika na kijana mmoja wa kupiga muziki, analipwa chake kabla ya usiku kucha. Muziki wenyewe sina ugomvi nao, na vijana wa leo wana vipaji ambavyo vimevuka mipaka ya nchi. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba ngoma na daftari vimeachana. Daftari halikufa. Lipo katika VICOBA vya kina mama, lipo katika kamati za harusi, lipo katika vikundi vya kuzikana vya mitaa yetu. Ukiingia katika kikao cha VICOBA na kumwona mama anayefungua sanduku la fedha, na mwingine anayetoza faini kwa waliochelewa, unamwona mjukuu wa lelemama, hata kama mwenyewe hajui. Kilichopotea ni ule wimbo uliowakusanya bila ya kuwa na deni la kulipa kwanza. Sanduku la mkopo peke yake huwakusanya watu mpaka siku mkopo unapokwama, na hapo tumeshuhudia majirani wakikimbiana. Wazee wetu walipogombana juu ya fedha walikuwa bado na Jumapili ya kucheza pamoja, na huenda hiyo ndiyo iliyowapatanisha.

Sisemi turudi kwenye Marini na Arinoti. Maji yakimwagika hayazoleki, na tarumbeta zile zimekwisha kushika kutu. Lakini yapo mambo mawili tunayoweza kuyafanya. La kwanza, vikundi vyetu vya leo vya kuchangiana visione haya kuwa na wimbo. Kikundi cha mtaa kinachokutana kila mwezi kuhesabu fedha kinaweza kukutana mara moja kwa mwaka kucheza, watu wote, mwenye deni na asiye na deni.

La pili ni la haraka zaidi. Historia hii niliyoieleza imeandikwa kwa sehemu ndogo sana, na sehemu kubwa ya iliyoandikwa imeandikwa na wageni. Majina ya wanawake waliotunza fedha za lelemama, nyimbo walizotunga, sare walizovaa mwaka gani na kwa ajili ya nini, yako katika vichwa vya wazee ambao wamepita miaka 80, na katika masanduku ya bati chini ya vitanda vya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Mzee akifariki, ndugu hugawana vyombo, na makaratasi hutupwa au huuzwa kwa kilo ya kufungia karanga. Nawaomba, wasikilizaji na wasomaji wangu, kabla ya kuyatoa makaratasi hayo, yafungueni. Mkikuta daftari lenye majina na mistari ya hesabu, na juu yake limeandikwa jina la ngoma au la klabu, msidhani ni takataka. Lipelekeni kwenye makumbusho, chuo kikuu au nyaraka za taifa, au angalau mkaeni na bibi mwulize huyu ni nani na huyu ni nani, na mwandike majibu yake. Humo ndimo walimo watu walioujenga mji huu kwa ada ya senti chache, na ambao hakuna barabara yenye majina yao.